Kamusi yetu ya maneno ya bahari

Asalaam aleikum jamaa. Jana usiku nilitafuta "nyavu" nikaambiwa hakuna. Nikashangaa, Mombasa nzima hakuna nyavu? Kumbe tumeiingiza kama "wavu" na wingi hatukuuandika. Kuanzia leo kila nomino iwe na umoja na wingi wake, kila mmoja kwenye safu yake.

Vitenzi viingizwe kwa shina: vua, tweka, kokota. Mkiweka "kuvua" na "kutweka", vyote vitarundikana kwenye herufi K, na huko tushajaa.

Iliyonitoa jasho ni ng'onda (samaki aliyekaushwa). Imo mara mbili! Simu zingine huweka kile kialama cha baada ya "ng" kilichopinda, zingine kilichonyooka. Kwa macho yetu ni kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili mbalimbali. Tutumie kilichonyooka. Na tafadhali msikiache, maana ng'onda si ngonda.

Maneno ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kama mtanga (mchanga), mato (macho) na ndia (njia) yasifutwe. (Nani alifuta "mtanga"? Nimeirudisha.) Yapeni mstari wake, pembeni muandike, kwa mfano, "taz. mchanga", ili anayetafuta kwa njia yoyote afike.

Upande wa tafsiri ya Kiingereza, neno lenye maana mbili lipate mistari miwili. Matanga ya chombo na matanga ya msiba tumeyabananisha pamoja, mgeni atadhani jahazi linaenda kwa kilio.

Herufi A mpaka M nitazipitia mwenyewe. N mpaka Z nataka watu wawili. Nani yupo?