Kaka, hiyo kava ya grainda irudi kwanza

Mambo vipi kaka, meseji yako nimeisoma nikaona kukujibu kwa mstari mmoja haitatosha. Hilo la kufungua kava ya grainda ya mezani, ile mashine ya jiwe la kunolea, eti kazi iende chapchap, halafu supavaiza anawaambia anayeogopa aache kazi, limenikera sana. Jiwe lile linazunguka maelfu ya mara kwa dakika, likipasuka bila kava vipande vinakuja moja kwa moja usoni na kifuani, na hiyo miwani mliyogawiwa haiwezi kuziba nafasi ya kava.

Alafu glovu. Eti mvae wote mpaka wa leti mashine, ile inayozungusha chuma kikichongwa! Glovu ni za kubebea vyuma na kuchomelea, kwenye leti unavua kabla ya kuwasha, maana chaki, ile sehemu inayobana chuma na kukizungusha, ikidaka uzi mmoja tu inavuta kidole, kidole kinavuta mkono, na swichi huifikii tena. Kwetu hapa jamaa alidakwa mkono wa ovaroli haujafungwa kifungo, alikuwa anapiga msasa shafti huku inazunguka, kilichomuokoa ni mwenzake kuwa karibu na kile kitufe chekundu cha kuzimia mashine. Na ufunguo wa chaki usiuachie ukiwa bado umechomekwa, hata kama unageuka tu kuchukua kipimo. Vyuma vinavyotoka vimejikunja toa kwa ndoano au brashi, sio vidole.

Sasa haya yote we unayajua, umepita chuo cha ufundi VETA, tatizo ni nani atamwambia bosi. Usiende peke yako kaka. Ukienda peke yako unakuwa mkorofi, mkienda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hiyo ni hoja ya wafanyakazi. Nyie wa viwandani mnaingia TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, mnajaza fomu, ada inakatwa kwenye mshahara, mnachagua mwakilishi wenu hapohapo kazini, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu kabisa kusemea mambo ya afya na usalama na kukaa na nyie kwenye vikao vya nidhamu. Kukufukuza kwa sababu umejiunga na chama sio sababu halali, na wakikupeleka CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, au wewe ukiwapeleka ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha alikuachisha kihalali. Ila kuwa makini na siku, ukifukuzwa una siku 30 tu kufungua shauri.

Kitu kimoja kinanipa wasiwasi, wewe hujafikisha miezi sita hapo. Ile sehemu ya sheria ya kuachishwa isivyo haki haikuhusu mpaka ufike miezi sita, japo kukubagua kwa ajili ya chama wamekatazwa kwa mfanyakazi yeyote. Kwa hiyo mi naona wale wazee wa hapo wenye miaka yao watangulie kusaini na kusemea hiyo kava, wewe kaa kati yao, hamna haja ya kujifanya shujaa.

Wakikomaa, kuna OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Sheria yao ya 2003 inamtaka mwajiri azibe sehemu hatari za mashine, na mkaguzi ana mamlaka ya kuingia karakana na kuzuia mashine isitumike mpaka irekebishwe. Pigeni picha ya grainda ilivyo sasa, iwe na tarehe.

Na waulize kama wameandikisha WCF, mfuko wa fidia. Ule mchango ni wa mwajiri peke yake, wakikukata wewe hata mia wanakuibia. Mtu akiumia msikubali yale ya kupewa hela ya dawa mkononi yaishe kimyakimya, ajali iandikwe siku hiyohiyo na ipelekwe WCF, maana ikipita miezi 12 bila kuripotiwa, haki ya fidia inaweza kupotea, na kidole kilichokatika ni mafao yake ya kisheria, sio hisani ya bosi.

Niambie wangapi wako tayari kusaini nikuunganishe na katibu wa tawi letu, ye ndo atajua umpigie nani huko kwenu. Msalimie shemeji na watoto.