Kabati la dawa kwenye nyumba za wazee linasimamiwa na nani?

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee dawa za wazee wetu wanaoishi kwenye nyumba za kulelea wazee hapa Dar, maana wageni wakienda kule wanaangalia chakula, magodoro na mashuka, lakini kabati la dawa hakuna anayelifungua.

Mimi nafanya kazi famasi huku Temeke. Wahudumu wa hizi nyumba wanakuja kwetu kununua dawa, na mara nyingi wanakuja na karatasi moja ya daftari imeandikwa dawa za wazee wote kwa pamoja, amlodipini ya presha boksi mbili, metformini ya sukari, diklofenaki ya maumivu, piritoni, valiamu ya kutuliza na kuleta usingizi, hakuna jina la mgonjwa, hakuna dozi, cheti cha daktari ndo usiseme. Ukiuliza hii valiamu ya nani unaambiwa ni ya usiku, kuna bibi anapiga kelele wenzake hawalali. Sasa huyo bibi hajapimwa anapigia nini kelele, inawezekana ana UTI, inawezekana hajapata choo siku kadhaa tumbo linamuuma na hawezi kujieleza. Na valiamu kwa mtu wa umri ule inakaa mwilini muda mrefu, anaamka usiku kwenda chooni anayumba, anaanguka, nyonga inavunjika, na mzee akishavunjika nyonga wengi wenu mnajua kinachofuata. Sisi mhudumu akija bila cheti hatumpi, lakini najua akitoka hapa ataenda kujaribu duka lingine.

Chumba cha dawa cha nyumba mojawapo nimeshakiingia, jina silitaji. Ni stoo yenye rafu moja, dawa zimetolewa kwenye boksi zake zimewekwa kwenye zile bahasha ndogo za kuandikia 1x2, 1x3, majina ya wazee yameandikwa kwa peni na mengine yameshafutika kwa jasho la mikono, na kuna wazee wawili wanaitwa jina moja, mmoja wa presha mwingine wa sukari, tofauti ya bahasha zao ni kwamba moja imekunjwa pembe. Wakati wa kugawa mhudumu anatwanga vidonge na kuchanganya kwenye uji kwa wale wasioweza kumeza. Kwa baadhi ya dawa hiyo haina shida. Lakini pale kulikuwa na nifedipini, dawa ya presha, ile inayotengenezwa iachie dawa kidogo kidogo kwa masaa mengi, na nayo ilikuwa inatwangwa. Ukiitwanga ile dawa yote inaingia mwilini kwa mkupuo, presha inashuka ghafla, mzee anapata kizunguzungu anadondoka, watu wanasema ni uzee.

Hili neno uzee linaficha mambo mengi sana jamani. Mzee wa sukari anapewa glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, asubuhi, chai kaikataa, saa nne anatoka jasho, anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki, wanamfunika shuka wanasema leo kaamka vibaya, kumbe sukari imeshuka na angetakiwa apewe kitu cha sukari pale pale na apelekwe hospitali. Mwingine ana presha, anameza dawa za presha kila siku, halafu magoti yakiuma anapewa diklofenaki mwezi mzima, na diklofenaki inapandisha presha, inaumiza figo na inachubua tumbo, kwa hiyo presha haishuki, akienda zahanati anaongezewa dawa nyingine ya presha. Hakuna aliyekaa chini akaziangalia dawa zake zote kwa pamoja.

Wahudumu siwalaumu kabisa. Ni wakina mama na wadada wanaoogesha, wanapika, wanafua, na juu ya yote wamekabidhiwa kazi ambayo mtu anaisomea chuo miaka kadhaa, hakuna aliyewafundisha.

Ninachouliza ni hiki. Duka la dawa hata liwe dogo kiasi gani huku mtaani, lazima lisajiliwe Baraza la Famasi, kibali kinabandikwa ukutani, famasi lazima iwe na mfamasia msimamizi, wakaguzi wanaweza kuingia muda wowote, hiyo ni Sheria ya Famasi ya 2011. Ubora wa dawa zenyewe unasimamiwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Lakini kabati lenye dawa za wazee thelathini wenye presha, sukari na moyo, wanaomeza kila siku mpaka mwisho wa maisha yao, kwenye hizi nyumba ninazozijua mimi halina kibali, halina mfamasia, halina mkaguzi. Mteja wangu hapa kaunta ana macho, anaweza kusoma, anaweza kuniuliza. Yule mzee anafumbua mdomo tu.

Wenzetu Marekani walishapita huku. Mwaka 1987 walitunga sheria ya nyumba za wazee, wakasema mkaazi asipewe dawa kwa ajili ya kumtuliza tu ili wahudumu wapumzike, na kanuni zao zinataka mfamasia apitie dawa za kila mkaazi angalau mara moja kwa mwezi, akikuta tatizo aandike, na daktari lazima ajibu kwa maandishi amefanya nini. Dawa za akili zinazotolewa pale tu inapohitajika zina kikomo cha siku 14 mpaka daktari aandike sababu ya kuendelea. Makosa ya kugawa dawa yanahesabiwa, yakifika asilimia 5 nyumba imevunja kanuni.

Najua kuna watakaosema Marekani wana hela. Haya, lakini mfamasia kukaa na daftari nusu siku kwa mwezi, akapitia bahasha moja moja na kuuliza hii ya nini, nani aliiandika, lini, hiyo inahitaji hela gani? Kila halmashauri hapa Dar ina mfamasia wake, apewe orodha ya nyumba zote za wazee kwenye eneo lake, za serikali, za dini na za watu binafsi. Pale MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, kuna wanafunzi wa famasi, waende naye wajifunze. Baraza la Famasi nalo litoe mwongozo, kila mzee awe na karatasi yake ya dawa, yenye jina kamili na picha, dawa ikitolewa mhudumu anasaini. Insulini ikae kwenye friji yake nyuzi 2 mpaka 8 isichanganywe na samaki, na ukiifungua andika tarehe.

Na yale maboksi ya dawa ambayo wahisani wanaleta pamoja na mchele na sabuni wakati wa Ramadhani na Krismasi, ahsanteni sana, ila nyingine zimebakiza wiki chache kuisha muda na nyingine maandishi yake hakuna pale anayeweza kuyasoma. Leteni hela ya dawa walizoandikiwa.

Kwa mwenye mzazi, shangazi au babu kwenye nyumba ya namna hii, ukienda Jumapili usiishie kuuliza amekula nini. Omba uone dawa zake zote, piga picha kila bahasha na kila boksi, halafu pita famasi yoyote iliyo karibu na wewe mwombe mfamasia azipitie. Kusoma picha hatutozi hela.

Mtoa dawa,
Temeke, Dar es Salaam