Falsafa ya sayansi ianzie Kilwa, si kwenye madesa

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyependekeza somo la mbinu za utafiti na falsafa ya sayansi lifutwe kwa wanafunzi wa insia (masomo kama historia, lugha na falsafa) wa mwaka wa kwanza, eti halimpatii mtu ajira. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Historia. Likizo hii mpwa wangu, anayesoma chuo kikuu kimoja hapa nchini, alikuja na desa, yaani muhtasari wa mihadhara, la somo hilo na nimelisoma lote. Kulifuta sikubali, ila wanaotaka lifutwe nawaelewa.

Desa lenyewe ni nakala ya nakala, herufi zimeshaanza kufifia. Linaanza na sifa za sayansi, zimepangwa kwa namba. Kisha mwanafalsafa Karl Popper, 1934: nadharia isiyoweza kukanushwa kwa ushahidi si ya kisayansi. Kisha Thomas Kuhn, 1962, juu ya mapinduzi ya kisayansi, mistari minne. Kijana amevikariri vyote. Nikamuuliza, katika historia ya pwani yetu ni dai gani limewahi kukanushwa, na kwa ushahidi upi? Akacheka. "Mjomba, hilo haliulizwi kwenye mtihani."

Basi kama haliulizwi, liulizwe. Mfano tunao hapa hapa kusini, wala hauhitaji maabara.

Habari za kuanzishwa kwa usultani wa Kilwa zimetufikia kwa maandishi mawili. Moja ni la Kiarabu, la karne ya 16, na mwandishi wake anasema alizaliwa mwaka unaolingana na 1499. La pili limo katika historia ya Mreno João de Barros, iliyochapishwa mwaka 1552. Yote mawili yanakubaliana kwamba Ali, mwana wa mfalme wa Shiraz huko Uajemi, alikinunua kisiwa kwa nguo. Lakini yaweke ubavu kwa ubavu uone. Katika lile la Kiarabu, meli ni saba, baba na wanawe sita. Kwa Barros ni meli mbili kutoka Hormuz, bandari ya Ghuba ya Uajemi, na Ali anaondoka kwao kwa kuwa nduguze wanamdharau, mama yake akiwa mtumwa wa Kihabeshi. Wape wanafunzi kurasa hizo na semina ya saa mbili. Hutahitaji kuwafafanulia uhakiki wa vyanzo ni nini. Watagombana wenyewe juu ya nani aliandika, akimwandikia nani, na alisikia wapi. Barros hakufika Kilwa. Yule wa maandishi ya Kiarabu alikuwa mtoto mdogo Wareno walipoushambulia mji mwaka 1505, na alipoandika, watawala wake walikuwa na kila sababu ya kusisitiza kuwa kisiwa ni chao kwa haki.

Popper naye aje hapo, asije kabla. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, akakuta sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, akamweka sultani huyo karibu na mwaka 1200, ingawa hesabu ya maandishi inamrudisha nyuma hadi karne ya 10. Ilikuwa hoja nzito, ya mtu aliyeshika jembe mwenyewe. Mwaka 1984 likafukuliwa lundo la sarafu zaidi ya 2,000 huko Mtambwe Mkuu, Pemba. Zilikuwamo zenye jina lile lile, pamoja na dinari za kigeni ambazo ya mwisho kabisa ni ya mwaka 1066. Kama zilifukiwa pamoja karibu na mwaka huo, Ali hawezi kuwa wa mwaka 1200. Tarehe ya Chittick ikatetereka, Ali akasogezwa hadi karne ya 11. Maandishi nayo hayakushinda moja kwa moja. Mwanafunzi aliyeliona hilo hahitaji kukariri neno "kukanusha".

Mwaka 2023 wakaja wataalamu wa vinasaba, katika jarida la Nature, na mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya pwani. Walikuta asili ya Kiafrika hasa kwa upande wa akina mama, na ya Kiajemi kwa upande wa akina baba, kuchanganyika kwao kukianza takribani mwaka 1000. Niliwasikia watu wakisema basi, mjadala umefungwa. Haujafungwa. Mfupa unaweza kukuambia babu wa mtu alitoka wapi. Haukuambii kwa nini mjukuu, baada ya vizazi kumi na lugha ya mama zake, aliendelea kujiita Mshirazi, wala kwa nini masimulizi yanataka nguo ya kukizunguka kisiwa kizima. Hapo ndipo insia zina kazi yake, na ndipo Wilhelm Dilthey, mwanafalsafa Mjerumani aliyetofautisha kueleza maumbile na kuelewa maisha ya watu, ambaye kwenye desa ana mstari mmoja, angestahili wiki nzima.

Wahadhiri watasema madarasa yamefurika na semina hazitoshi. Ni kweli, na wizara isikie. Lakini kutunga swali hakuongezi gharama, na la kwanza nawapa bure: "Ali alikuja na meli saba, mbili, au hakuja kabisa? Eleza ni ushahidi gani ungekufanya ubadili jibu lako."

Mwalimu mstaafu,
Kilwa Masoko