Afya kwa wote Vermont: walishinda kura, wakakwama kwenye kodi

Mhariri,

Kila msimu wa uchaguzi Marekani, wanaharakati wa vyama majimboni huibua upya hoja ya mfuko mmoja wa umma wa kulipia matibabu ya kila mkazi. Hoja inapozama, maelezo huwa yale yale: kampuni za bima zina pesa, haziwezi kukubali. Pesa wanazo, hilo halina ubishi. Lakini anayetaka kujua mambo haya hukwama wapi alitazame jimbo la Vermont. Huko wanaharakati walishinda karibu kila kura waliyoihitaji, na mpango ukafa hata hivyo.

Mwaka 2010 Peter Shumlin aliwania tiketi ya ugavana ya Democratic akiahidi mfumo wa mlipaji mmoja. Wagombea walikuwa watano, naye akapenya kwa tofauti ya kura zisizofika 300. Pengo dogo kiasi hicho huzibwa na watu wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba. Chama cha Progressive, ambacho ngome yake ni Burlington, hakikumwekea mpinzani kwenye uchaguzi mkuu wa Novemba. Nje ya vyama, shirika la wafanyakazi la Vermont Workers' Center lilikuwa imeendesha kampeni ya afya kama haki ya binadamu tangu 2008. Tarehe 26 Mei 2011 gavana akatia saini Sheria Namba 48.

Sheria hiyo iliunda bodi ya watu watano ya kusimamia bajeti za hospitali na bei za huduma, ikatangaza mfuko uitwao Green Mountain Care, ikaeleza nani atahudumiwa. Nani atalipa, na kiasi gani, haikusema. Iliagiza tu mpango wa fedha uletwe Januari 2013. Januari hiyo yakaja makadirio ya gharama bila pendekezo la kodi. Uchaguzi wa 2012 ulikuwa umeshapita bila jedwali la kodi. Wa 2014 nao ukapita hivyo hivyo. Gavana wa Vermont huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo nafasi za kumbana hazikukosekana. Nadhani wanaharakati waliogopa kumdhoofisha mtu wao. Kwa hofu hiyo wakawaachia wapinzani uwanja wa kubuni tarakimu zozote walizotaka.

Tarakimu halisi zilitoka 17 Desemba 2014, siku Shumlin alipotangaza kuachana na mpango. Waajiri wote wangetozwa asilimia 11.5 ya mishahara wanayolipa. Kaya nazo zingetozwa kodi ya mapato inayopanda kulingana na kipato hadi asilimia 9.5, na kikomo cha dola 27,500 kwa mwaka. Mkenya anayelalamikia asilimia 2.75 ya SHIF, mfuko wa bima ya afya wa Kenya, apime mwenyewe. Kwa jumla zilihitajika karibu dola bilioni 2.6 za kodi mpya, karibu sawa na kodi zote ambazo jimbo lilikuwa likikusanya.

Kuna upande wa pili ambao waliompinga gavana hawakuutaja. Fedha hizo tayari zilikuwa zikilipwa, ila kwa jina la ada ya bima. Mwajiri anapochangia bima ya mfanyakazi, mfanyakazi haoni kiasi hicho kikitoka mfukoni mwake, japo ni sehemu ya ujira wake. Kodi anaiona kwenye hati ya mshahara. Hivyo hata kaya ambazo zingelipa pungufu ziliiona kodi na kusahau ada. Ambazo zingeumia kweli ni biashara ndogo zisizotoa bima kabisa: hizo zingetoka sifuri hadi asilimia 11.5 kwa siku moja. Kuzipandishia kodi taratibu kungehitaji zaidi ya dola milioni 500 za ziada, na hizo hazikuwa ndani ya hesabu.

Washington nayo ilibana. Sheria ya afya ya 2010 inaruhusu jimbo kuomba kibali maalumu, kuanzia 2017, ili lichukue ruzuku za bima za wakazi wake na kuzitumia kwa mfumo wake. Vermont ilitarajia dola milioni 267 kwa njia hiyo. Makadirio ya mwisho yakashuka hadi milioni 106. Fedha za shirikisho za Medicaid, bima ya umma ya watu wenye kipato kidogo, nazo zikapungua kwa milioni 150 chini ya matarajio. Wazee walio kwenye Medicare, bima ya umma ya wazee, wako chini ya serikali ya shirikisho, na jimbo haliwezi kuwahamisha kwa amri yake. Zaidi ya hapo kuna sheria ya shirikisho ya 1974, maarufu kama ERISA, inayozuia majimbo kuingilia mipango ya matibabu ambayo kampuni hugharimia kwa fedha zake zenyewe. Jimbo linaweza kuitoza kampuni kama hiyo kodi, lakini haliwezi kuiamuru ifunge mpango wake, nayo italia kwamba inalipa mara mbili. Kisha kuna mipaka: wagonjwa wengi wa mashariki mwa Vermont hutibiwa Lebanon, New Hampshire, ambako bodi ya Vermont haipangi bei.

Colorado ilijaribu njia ya kinyume mwaka 2016. Kodi ya asilimia 10 ya mishahara iliandikwa wazi kwenye pendekezo lililopigiwa kura, mwajiri akibeba thuluthi mbili na mfanyakazi moja. Takribani wanne kati ya watano walikataa. Ni kweli basi kwamba jedwali la wazi peke yake halitoshi. Huko hata viongozi wa Democratic waligawanyika. California, Januari 2022, kundi la wapenda mageuzi ndani ya chama lilitishia kuwanyima uungaji mkono wabunge wasiopigia kura AB 1400, mswada wa mlipaji mmoja wa jimbo hilo. Mwenye mswada aliuondoa siku ya mwisho, 31 Januari, kwa kukosa kura. Kodi zake zilikuwa kwenye pendekezo tofauti lililohitaji theluthi mbili za bunge na kisha kura ya wananchi.

Waswahili walioko Burlington na Winooski wenye uraia wana nafasi hapa. Kamati za miji za vyama vikuu Vermont huchaguliwa Septemba ya kila mwaka wa witiri, na mara nyingi viti havijai. Anayeingia asiridhike na azimio la "tunaunga mkono afya kwa wote". Ilani hiyo ipo siku nyingi. Amdai kila mgombea karatasi moja yenye kaya tano za mfano (muuza duka, nesi, dereva, mkulima wa ng'ombe wa maziwa, mstaafu), ikionyesha kila moja inalipa nini sasa kwa ada, makato na pesa za papo kwa papo hospitalini, na italipa nini kwa kodi. Karatasi hiyo ipatikane kabla ya kura za mchujo za Agosti.

Msomaji wenu,
Burlington, Vermont