Ree za kufichwa zilivyomponza kijana wetu Wete

Mhariri,

Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mkaazi wa Wete, na gazeti lenu hulisoma kuanzia ukurasa wa nyuma kama wanaume wengi wa barza yetu. Nakuandikia kwa sababu ya makala yenu ya poka ya Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, ile iliyoshauri kwamba mchezaji akigawiwa ree mbili ajifanye maskini, afuate kimya kimya mpaka karata za mezani zifunguliwe, ndipo awanase wenzake. Mtoto wa dada yangu aliikata makala hiyo kwa mkasi, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Siku ya pili yake ikamtia hasarani mbele ya macho yangu, na mgawaji wa karata nilikuwa mimi mwenyewe.

Kwanza nimtoe wasiwasi jirani yangu mmoja, ambaye najua waraka huu atausoma mpaka nukta ya mwisho. Hatuchezi pesa. Tunacheza kwa komwe, hizi hizi za bao, ambazo vijana walizichuma kwenye mikomwe ya ufukweni. Kila mtu hupewa 100, na tukimaliza zote hurudi kikapuni. Hakuna shilingi, hakuna soda, hakuna wa kumnunulia mwenziwe kahawa kwa kufungwa. Kamari imekatazwa katika Suratul Maida na hapo hapana mjadala. Siku itakapowekwa hata kashata moja, mimi nitabeba kiti changu nirudi nyumbani. Jirani bado hapendi. Namuelewa, na kahawa tunakunywa pamoja.

Kwa asiyeujua mchezo: kila mtu hugawiwa karata mbili za siri, kisha hufunguliwa tano za wote pale katikati, tatu kwa mpigo (hizo ndizo flopu), halafu moja, halafu ya mwisho. Mwenye mchanganyiko bora wa karata tano ndiye mshindi, au yule aliyebaki peke yake baada ya wengine kulala, yaani kutupa karata zao. Wawili wanaomfuatia mgawaji hutoa dau la lazima kabla hawajaona chochote, mmoja komwe 1, mwengine 2. Komwe zinazogombewa tunaziweka juu ya kipande cha jamvi kuukuu la kuanikia karafuu, basi fungu lile kwetu jina lake ni jamvi.

Majina ya karata tumebaki nayo yale yale ya wahedi wasitini, ule mchezo wetu wa zamani wa kuhesabu pointi: shupaza, kopa, uru na pau, ambayo wazee waliyachukua kwa Wareno. Ree ni ree. Mfalme wengine bado wanamwita mzungu wa nne, kwa zile pointi zake nne. Na saba, mhariri, ndiyo seti, karata ya pointi 10, inayopitwa na ree peke yake yenye 11. Hilo la saba naomba ulikumbuke.

Usiku ule baada ya isha tulikuwa sita, wawili mikono bado inanuka karafuu mbichi. Mgao wa kwanza kabisa. Kijana ndiye aliyekuwa wa mwanzo kusema baada ya madau ya lazima. Nilimwona anazitazama karata zake mara moja, kisha anainua macho kwenye bati kama anayehesabu misumari, nikajua kapata kitu. Mwenye takataka huzitazama mara mbili, akitumai zimebadilika. Akaweka komwe 2, basi. Seremala naye 2. Dereva wa gari ya shamba 2. Mimi nilikuwa na tisa na tatu, nikalala. Mwenye dau dogo akaongeza moja yake, na mzee muuza haluwa, ambaye dau kubwa lilikuwa lake na hakutakiwa kuongeza chochote, akagonga meza kwa kidole na kuendelea kutafuna. Jamvini komwe 10, watu watano.

Nikafungua: mfalme wa uru, saba ya kopa, nne ya shupaza. Mwenye dau dogo kimya, mzee kimya. Kijana akaweka 6, seremala, dereva na mwenye dau dogo wakalala. Mzee akapandisha hadi 20. Kijana akasukuma zote 98 kwa mikono miwili, na uso umemuwaka kama mtu aliyekwisha kumnasa ng'ombe. Mzee akasogeza zake 98 polepole, akalaza saba ya pau na nne ya uru. Kijana akalaza ree ya shupaza na ree ya kopa. Barza nzima ikanyamaza, kwa kuwa jozi mbili za mzee, saba na nne, zinaipita jozi moja ya ree, na pale kijana alikuwa amebakiwa na nafasi kama 1 katika 4 tu. Ikaja tisa, ikaja mbili. Komwe 206 zikahamia kwa mzee.

"Mjomba," kijana akaniambia, na kile kipande cha gazeti amekwisha kukitoa mfukoni, "gazeti limesema hivi hivi."

Nikamgeukia mzee. Nikamuuliza: babu, huyu mwanzo angepandisha hadi 6, ungeingia? Akafikiri. "Saba siitupi ovyo, mwalimu. Lakini komwe nne nyengine kwa seti na hiki kinne? Ningelala kabla ya kuku."

Hapo ndipo nilipotafuta chaki.

Karata 52 zinatoa namna 1,326 za mtu kupata karata mbili. Ree nne zinatoa namna 6. Gawanya, utapata mara 1 katika 221. Barza yetu kwa usiku mmoja hugawa mara 30 hivi, kwa hiyo mtu hungojea kwa wastani wiki nzima na siku zake kabla ya kuziona ree mbili mkononi. Kitu cha kungojewa wiki nzima, makala yenu inasema kikija kiuzwe kwa komwe mbili.

Tazama sasa kinachotokea watu wanapozidi. Ree mbili zikipambana na mtu mmoja mwenye karata zozote, mkipelekana hadi karata ya mwisho, hushinda mara 85 katika 100. Wakiwa wawili, 73. Watatu, 64. Wanne, kama usiku ule, 56. Wakiwa watano huwa mmeshashuka hadi 49, yaani chini ya nusu, na hizo ndizo karata bora kuliko zote unazoweza kupewa.

Nilifundisha skuli ya sekondari miaka 31 na nazijua sura za wanafunzi wakorofi. Mmoja angeinua mkono hapa: mwalimu, watu watano, haki ya kila mmoja ni 20 katika 100, huyu ana 56, analalamika nini? Swali zuri khasa. Kama komwe 100 za kila mtu zingekuwa zimekwisha kuingia jamvini kabla ya flopu, ningemwambia kijana awaalike na wapita njia. Lakini jamvini ziliingia mbili mbili. Yule aliyeingia kwa mbili akikosa flopu, analala, na umepata mbili zake. Akiipata, kama mzee wa haluwa, halali tena. Anakungoja, na anakuchukulia 98. Hesabu ya kijana ilikuwa imekaa hivyo tangu pale alipojifanya maskini. Flopu ilikuja kuisoma tu.

Na kuna la pili, ambalo halihitaji chaki. Ukipandisha, wanaobaki wamekwambia kitu. Aliyelipa 6 pengine ana ree na mfalme, pengine mabibi wawili, pengine wafalme wawili, na hao wote ndio wateja wako. Wafalme wawili wakikutana na ree mbili hushinda mara 1 katika 5 au pungufu. Usipopandisha, mzee mwenye dau kubwa ameingia bure, na mkononi anaweza kuwa na chochote, hata saba na nne. Ikifunguliwa saba na nne utajuaje? Kijana alidhani anamficha mzee karata zake, kumbe na za mzee nazo zimefichika kwake.

Kiasi chetu kwenye barza sasa ni hiki: mara tatu ya dau kubwa, yaani komwe 6, na uongeze 2 kwa kila mtu aliyekwisha kufuata kabla yako. Seremala alilalamika kwamba watu watajua. Ndiyo, watajua kama unapandisha kwa ree mbili peke yake. Pandisha kwa kiasi kile kile ukiwa na wafalme, ukiwa na mabibi, ukiwa na ree na mfalme wa aina moja, nao hawatajua ni ipi. Yeye ana tabia ya kupandisha hadi 6 kwa ghulamu wawili na hadi 12 kwa ree, na anashangaa kwa nini ree zake hazina wageni.

Wafalme wawili nawapenda kuliko inavyostahiki. Kinachowapita kabla ya flopu ni ree mbili tu, na uwezekano wa mtu fulani mmoja kuwa nazo wakati wewe una wafalme ni 1 katika 204. Kwa meza yetu, ukiwa na wenzako watano, kama 1 katika 41. Kwa hiyo sioni haya kusukuma komwe zote kwa wafalme kabla ya flopu mtu akinirudishia. Nitafungwa siku moja moja, na siku hiyo nitakwenda kulala vizuri tu. Mabibi na ghulamu ni habari nyengine. Nao wapandishe, lakini ujue kwamba ukiwa na mabibi, mara 41 katika 100 flopu italeta mfalme au ree. Ukiwa na ghulamu, italeta bibi, mfalme au ree mara 57, zaidi ya nusu. Hapo jozi yako si kubwa tena, na mwenye ghulamu akisubiri karata za mezani zifunguliwe ndipo adai haki yake, mara nyingi atakuwa amechelewa. Jozi ndogo, kama mbili mbili hadi tano tano, hizo fuata kwa bei rahisi ukitafuta ya tatu yake kwenye flopu. Huja kama mara 1 katika 8 au 9. Ikikosa, lala bila kinyongo.

Makala yenu ina haki mahali pamoja, na nisiposema nitakuwa nimedhulumu. Tuna fundi cherehani ambaye hawezi kuona komwe mbili zimelala jamvini bila kuzipandisha. Zamu yake ikiwa baada ya yangu na mimi nina ree mbili, ndiyo, nitaweka mbili, nitakuna kidevu, nitamngoja. Atapandisha, nami nitampandishia juu yake. Huo ni mtego kwa sababu namjua mnyama. Kuutega mtego ule ule kwa watu watano usiowajua, na wengine wamekuja kwa ajili ya kahawa, huko ni kuacha mlango wazi.

Neno la mwisho ni kuhusu Doyle Brunson, mcheza poka wa Marekani, ambaye makala ilimtaja kama ushahidi kwamba "karata yoyote hushinda". Ni kweli kwamba alitwaa ubingwa wa dunia kule Las Vegas mwaka 1976 na tena 1977, na mara zote mbili katika mgao wa mwisho mkononi alikuwa na kumi na mbili, yaani karata ya kumi na karata ya mbili. Lakini makala haikusema kwamba mezani walikuwa wamebaki watu wawili tu, ambapo karata nyingi huwa na thamani zisizokuwa nayo kwa watu sita. Wala haikusema kwamba mara zote mbili karata ya mwisho kabisa kufunguliwa ilikuwa kumi nyengine. Mwaka 1976 mpinzani wake alikuwa na ree na ghulamu, na flopu ikaja na ree na ghulamu. Brunson alikuwa nyuma mpaka ilipoingia mbili na kisha kumi. Watu wanaikumbuka mpaka leo kwa sababu ni ajabu. Tangu makala itoke, vijana wawili hapa kwetu hawalali wakipata kumi na mbili, na kikapu chao cha komwe kinakwisha kabla kahawa haijapoa.

Kama mtaendelea na safu hiyo, na mimi ningependa iendelee, naomba mwandishi wenu aeleze siku moja hesabu ya dau kubwa: nani anaingia bure, na kwa nini. Na naomba zile habari za dola mziweke mbali. Huku vijana wanausoma mchezo, wasije wakasoma na mengine.

Kijana wetu, alhamdulillahi, kapona. Juzi kapata wafalme wawili, wa pau na wa kopa. Hakutazama bati. Akapandisha hadi 6 bila kupepesa, na watu wote watano wakalala, mzee wa haluwa wa mwisho. Akabaki na komwe 3 za madau ya lazima, anazitazama pale kwenye jamvi. Hajasema nami tangu siku hiyo.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu wa hesabu,
Wete, Pemba.