Mwanangu, huyo uliyemwona si ndege

Tukuyu

Mwanangu Tuntufye,

Hujambo mama? Sisi hatujambo, ukungu tu ndio umezidi. Ujumbe wako umefika na ile video ya huyo anayeelea mbele ya maua akiyafyonza nimeirudia mpaka simu ikazima.

Unasema wenzako wa hosteli wanashikilia kwamba ni ndege mvumaji. Ndege hao makao yao ni bara la Amerika, kwetu hawapo. Huku ndege anayefyonza maua ni chozi, naye mara nyingi hutua kijitini kwanza ndipo ainame kunywa. Huyo wako anahama ua hadi ua hewani, hatui. Ni nondo, mdudu wa jamii ya vipepeo.

Isimamishe video pale anapogeuka ubavu. Juu ya macho utaona vipapasio viwili, na ndege hana vipapasio. Huo mnaouita mdomo ni mrija. Akiondoka kwenye ua anaukunja chini ya kichwa. Na huo "mkia wa manyoya" ni magamba marefu yaliyoota ncha ya tumbo.

Sasa tazama mabawa, maana hapo ndipo nilipofurahi. Ua la nyuma linaonekana kupitia bawa! Huyo ni Cephonodes hylas, nondo wa kwenye kahawa yetu. Anapotoka kwenye pupa, yaani lile ganda ambamo kiwavi hugeuka nondo, mabawa yake yana vumbi la magamba ya kijivu, lakini akiruka mara ya kwanza tu yote yanapukutika, yanabaki angavu. Kiwavi wake unamfahamu, yule mwenye kipembe nyuma, uliyekuwa ukimkimbia ukiwa mdogo. Hana sumu wala haumi. Watu humponda wakimkuta kwenye mibuni. Mimi wakiwa wachache nawaacha, majani yanachipua tena.

Asubuhi za baridi mtafute akiwa bado ametua. Utamwona anatetemesha mabawa bila kwenda popote. Anapasha misuli joto, bila hivyo hawezi kuruka. Nenda taratibu, usimguse.

Yupo na mwingine, ndugu yake mkubwa, Agrius convolvuli, mwenye mistari ya waridi ubavuni. Huyo hutoka wakati wa magharibi, jua likizama, na mrija wake ni mrefu kupita mwili. Viwavi wake hula majani ya viazi vitamu, kisha hujizika ardhini. Unakumbuka tulipokuwa tukichimba viazi tukakuta kitu cha kahawia, kigumu, chenye kishikio kilichopinda kama cha jagi? Ndiyo pupa yake, na kile kishikio ni ala ya mrija. Ukimshika tumboni anajipinda, yu hai kabisa.

Kama hapo hosteli kuna petunia au maua mengine meupe yenye harufu, kaa karibu nayo giza linapoingia. Usimulike tochi usoni pake. Ukipata picha nitumie hata kama imetoka vibaya, nitajaribu kumtambua. Na uvae sweta, Iringa jioni kuna upepo.

Mama yako