Mpwa wangu, ukifika 1697 usiharakishe

Mpwa wangu,

Nimefurahi mno kusikia umepata kazi ya kutembeza wageni Ngomeni, Mombasa. Najua utaanza na Wareno, na ni haki, maana wao ndio walioanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya jabali la matumbawe mlangoni mwa bandari ya kale. Mtaje pia Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa Goa, India, na Wareno wenyewe, kisha akawageuka na kuiteka ngome mwaka 1631.

Ila ukifika kwenye kuzingirwa, nakuomba utulie. Waomani waliizingira tangu Machi 13, 1696, na ngome haikuanguka hadi Desemba 13, 1698. Njaa na maradhi viliua kuliko mizinga. Kufikia mwishoni mwa Agosti 1697, Wareno waliokuwa ndani walikuwa wamekwisha. Aliyebaki akiishikilia ni Bwana Daud wa Faza, mji wa visiwa vya Lamu, pamoja na jamaa zake, wanaume Waafrika wasiofika kumi, na wanawake Waafrika 50 hivi. Hao ndio waliolinda kuta zile mpaka msaada ulipoingia Septemba. Inaniuma kwamba mgeni anaweza kuzunguka ngome nzima, akapiga picha kila mzinga, akatoka bila kuwasikia wanawake wale.

Utaulizwa: mtu wa Faza alipigania nini kwa Wareno? Usione haya kujibu. Faza na mji jirani wa Pate zilikuwa mahasimu wa siku nyingi, na Pate ilikuwa upande wa Waomani. Pwani yetu ilikuwa na siasa zake kabla ya mgeni yeyote kutia nanga.

Wapeleke pia kwenye michoro ya ukutani ambayo askari wa Kireno waliichora kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu, watu, samaki. Kisha waonyeshe vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, merikebu iliyokuja kuokoa ngome ikazama papo hapo mbele yake mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977.

Na Waingereza waliigeuza gereza, 1895 hadi 1958. Hapo usiseme sana. Akitokea mwenyeji ambaye babu yake alifungwa humo, mwachie nafasi asimulie yeye.

Shangazi yako